Mbwa wa kulinda mbuzi: usimfunge mnyororo, mlaze nao

Mama, pole sana kwa mbuzi 3 uliopoteza. Umesema umebaki na 14 huko Lubumbashi, barabara ya Kasenga, mbwa wa kuzurura wanaingia mchana mchungaji akisinzia, na jirani anakushauri ununue mbwa mkubwa, umfunge mchana kutwa na kumlisha pilipili na nyama mbichi mpaka awe na hasira. Nakuomba usifanye hivyo. Mimi nilifanya, na mbuzi wangu mwenye mimba alikufa kwa meno ya mbwa wangu mwenyewe.

Shamba letu liko upande wa Kipushi, hekta 2 na nusu: mahindi, mihogo, na mbuzi kati ya 20 na 30 kufuatana na mwaka. Mbwa wa kwanza tulimnunua mjini akiwa amekomaa, kwa mtu aliyekuwa akimtumia kulinda lango. Mweusi, mrefu, sauti yake ilifika barabarani. Tukamfunga chini ya mwembe. Kwa miezi 4 aliona mbuzi wakipita mbele yake asubuhi na jioni, yeye akivuta mnyororo. Siku ulipokatika alimkimbiza aliyekuwa mzito kuliko wote, na nilipofika nilikuta shingo imeshachanika. Niliumia kwa sababu ya wote wawili. Yule mbwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mbuzi ni wenzake. Alichokijua ni kwamba wanakimbia.

Tangu siku ile naamini neno moja, na majibu yangu yote yanatoka hapo: mbwa huwalinda mbuzi anaowahesabu kuwa jamaa zake. Ukali wake unakuja wenyewe akiona jamaa wanaguswa. Kazi yako ni kumpa jamaa hao mapema.

Mapema maana yake utotoni kabisa. Kati ya wiki ya 3 na wiki ya 16 hivi, mtoto wa mbwa ndipo anapojua nani wa kwao na nani mgeni. Akipita hapo bado anajifunza, lakini kwa taabu. Sisi mbwa wetu wa sasa, Kapita, tulimchukua akiwa na wiki 8, kijiji cha jirani, kwa mzee mmoja ambaye mbwa wake jike alikuwa analala kwenye zizi la kondoo kila usiku. Ukitafuta mtoto, tazama mama yake kwanza. Kaa nusu saa uone mbuzi wakimpita: kama anawafukuza, au anawatolea macho huku ameinamisha kichwa kama anayenyemelea, nenda kwingine. Kama anapiga miayo na kusogea awapishe, huyo ndiye mama unayemtaka.

Kuhusu aina ya mbwa, usitumie dola zako kutafuta wa kigeni. Ni kweli Uturuki wana Kangal, mbwa wakubwa wa kulinda kondoo, na huko Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wa namna hiyo ili duma wasiuawe, maana mfugaji ambaye mbuzi wake wanarudi wote jioni hana haja ya kumpiga duma risasi. Lakini wale wanalinda dhidi ya duma na chui, na wanakula sana. Botswana wafugaji wengi wanatumia mbwa wao wa kienyeji na kazi inafanyika. Adui zetu hapa ni mbweha, mbwa wa kuzurura na mwizi. Mbwa wetu wa kijijini anatosha, tena kupe na jua amevizoea.

Siku ya kwanza usimweke katikati ya kundi. Mama mbuzi mwenye mtoto atampiga pembe, na mbwa mdogo akiogopa mbuzi hutamrudisha kwa urahisi. Tulimtengea Kapita kona ya zizi kwa fito, na tukamwekea humo wana-mbuzi 3 walioachishwa kunyonya. Chini ya fito tuliacha nafasi ndogo ya yeye kujipenyeza akizidiwa. Juni ile baridi ilikuwa kali, na wiki ya pili tu tulimkuta asubuhi amelala katikati yao, pua kwenye tumbo la mmoja. Mke wangu aliniita nije nione, tukakaa kimya tukiwatazama.

Chakula alipewa humo humo, nyuma ya ubao mbuzi wasifike: bukari (ugali) na kapenta, yaani dagaa, iliyooshwa mpaka chumvi itoke. Watoto wa nyumbani walikatazwa kumbeba kwenda naye jikoni. Hapo watu wengi wanashindwa, kwa huruma tu. Mguse kila siku, mzoeze jina lake, kamba na mkono wa daktari wa mifugo, lakini yote hayo myafanyie zizini. Akijua kwamba raha iko jikoni, usiku atalala mlangoni pako na mbuzi watabaki peke yao. Na usichukue ndugu wawili wa tumbo moja kwa wakati mmoja. Watapendana wao kwa wao, watacheza wao kwa wao, na mchezo wao ni kukimbiza mbuzi.

Kuanzia miezi 6 jiandae, kwa sababu mwaka huo unachosha. Yule mtoto mpole ataanza kuvuta masikio, kung'ang'ania mkia, kuwazungusha wana-mbuzi mpaka wanahema. Nilikaribia kukata tamaa. Si ubaya, ni ujana, lakini mchezo unaua vilevile. Kila alipoanza nilimwambia "acha!" kwa sauti nzito, nikamtoa kwa wana-mbuzi na kumhamishia kwa majike wakubwa wasiovumilia upuuzi. Wao walimfundisha kuliko mimi. Nisipokuwepo, alifungiwa ng'ambo ya ua, akiwaona bila kuwafikia. Kumpiga hakusaidii: anaunganisha maumivu na mbuzi aliye mbele yake.

Mbuzi akizaa, uwepo. Mara ya kwanza Kapita aliona damu na kondo, akataka kumlamba mtoto kabla mama hajamkausha. Nilimshika kamba, nikamwacha atazame kwa mbali, mama alipomaliza nikamwachia kondo. Uzazi wa pili na wa tatu hali kadhalika. Sasa mbuzi akianza uchungu, Kapita anakwenda kulala hatua 10 hivi kutoka hapo, amempa mgongo, anatazama nje. Hilo sikumfundisha mimi.

Nilimwamini peke yake alipokaribia miaka 2. Mchana anapanda juu ya kichuguu kile kikubwa kilicho katikati ya malisho, anaona mpaka barabarani. Waendesha baiskeli wanaobeba makala (makaa) tulimzoeza tangu mdogo, tukipita nao njiani, hawabwekei tena. Mbwa mgeni akitokea, anashuka, anasimama kati yake na mbuzi, anabweka. Mara nyingi mgeni anageuka bila kugusana. Mwizi wa usiku ni habari nyingine. Mbwa atakuamsha, ila kutoka nje na tochi ni juu yako. Na wezi wanatupa nyama yenye sumu, kwa hiyo mpe mlo wake mkubwa jioni, asilale na njaa.

Sasa magonjwa, na hapa nakusihi usome polepole. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi 3, irudiwe kila mwaka. Mchungaji wetu aliumwa mguuni na mbwa wa kuzurura. Tulimwosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha tukaanza kutafuta chanjo: kituo cha kwanza hawakuwa nayo, cha pili vilevile, tuliipata jioni mjini. Siku ile nzima nilikuwa nikimtazama kijana wa watu nikijua kwamba dalili za ugonjwa ule zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Alichanjwa sindano zote, yuko mzima. Kapita alikuwa amepigana na mbwa yule yule. Kwa kuwa alikuwa na chanjo, daktari wa mifugo alimwongezea nyingine mara moja na kutuagiza tumchunge kwa karibu.

La pili halijulikani sana. Tukichinja, tulikuwa tunamtupia mbwa kichwa na mapafu mabichi. Baadaye mbuzi mmoja akaanza kuzunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, kama amerogwa, na majirani walisema hivyo. Tulipomchinja, daktari wa mifugo alipasua fuvu akatuonyesha fuko la maji kwenye ubongo, lina vidoa vyeupe. Ni mtoto wa tegu, mnyoo wa tumboni. Mbwa anakula ubongo mbichi wenye fuko hilo, tegu anakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na mavi yake kwenye majani, mbuzi anayala pamoja na majani. Mlinzi wetu alikuwa anawaua mbuzi polepole na sisi ndio tuliokuwa tunamlisha ugonjwa. Tangu hapo viungo vya ndani na kichwa vinachemshwa sana au vinazikwa kwa kina, na Kapita anapewa prazikwanteli, dawa ya tegu, kila miezi 3.

Dume mhasi, ukiweza. Asiyehasiwa akisikia harufu ya jike kijiji cha pili, anakwenda, na kundi linabaki wazi siku 3.

Kwa mbuzi 14, mbwa 1 anatosha. Ila hatakusaidia mwaka huu, na hao mbwa wa kuzurura wanakuja wiki hii. Kwa hiyo kwa sasa peleka mbuzi malishoni jua likishapanda, wachungaji wawe wawili wapokezane kulala, na zizi lifike urefu wa kifua, fito zikaribiane hadi chini. Nenda pia kwa wenye mbwa hao, mzungumze. Wengine wanawafungulia kwa sababu hawana cha kuwapa.

Na yule mbwa mkubwa anayekuuzia jirani, muulize jambo moja tu: amewahi kulala usiku mmoja pamoja na mbuzi?