Wamejuaje siyo tasa na vigawo hawavijui?

SWALI: Shikamoo mwalimu, kuna kitu kimenichanganya kabisa. Nimesoma kuna namba ina tarakimu zaidi ya milioni 5 na wataalamu wanasema siyo namba tasa, sasa ukiuliza inagawanyika kwa ngapi hawajui hata kigawo kimoja! Si ni sawa na kumwita mtu mwizi na hujui kaiba nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mfano wa mwizi umenichekesha, ila mi ningesema ni kama kipimo cha malaria, kinakwambia unayo, hakikwambii ni mbu gani kakuuma.

Hiyo namba ni 2 kwa kipeo cha 16,777,216 halafu unaongeza 1. Iko kwenye ukoo wa namba za Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, na kipimo chenyewe mzizi wake ni kwake huyohuyo. Alisema hivi: ukiwa na namba tasa yoyote zaidi ya 2, chukua 2 uipe kipeo kilichopungua 1 kwenye hiyo namba, gawa kwa namba yenyewe, baki lazima iwe 1. Jaribu 7: 2 kipeo cha 6 ni 64, gawa kwa 7 unapata 9 baki 1, safi.

Sasa njoo kwenye 91, ambayo wengi huwa wanaapa ni tasa. Unatakiwa kupata baki ya 2 kipeo cha 90, usiogope, 2 kipeo cha 12 ni 4096 na hiyo ukigawa kwa 91 inabaki 1, kwa hiyo kila ukipiga hatua 12 unarudi kwenye 1, ukifika 84 bado uko 1, zimebaki hatua 6 tu, ambazo ni 64. Baki ni 64 siyo 1, imefeli! Na umeona vigawo vyake, 7 na 13, hatujavitaja popote.

Ila angalia, kufeli ndo uhakika, kufaulu siyo. 341 inafaulu vizuri tu na ni 11 mara 31. Tena namba za Fermat zote zinafaulu ukitumia 2, hata zisizo tasa, ndo maana kwao wanatumia 3 na kipimo kikali zaidi. Hivyo ndivyo kompyuta zilivyoiumbua hiyo yako mwaka 1999.

Hata kabla ya kompyuta yalitokea haya. Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Lucas alionyesha 2 kipeo cha 67 toa 1 siyo tasa, vigawo hana. Watu wakakaa miaka 27 mpaka Cole wa Marekani alipovileta mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Zidisha mwenyewe ukipata muda, simu ya kawaida itakukatia tarakimu za mwisho.

Yako bado haijapata wa kuileta vigawo. Ukitaka kutafuta usihangaike na 7 au 13, kigawo chake chochote lazima kiwe kigawe cha 67,108,864 ukiongeza 1. Cha kwanza kabisa ni 67,108,865, achana nacho, kinagawanyika kwa 5 na namba yako inaishia na 7.