Usiuze hiyo PS5 kabla hujaipima TV yako

Usiuze. Kama mteja wako yuko njiani, mpigie sasa hivi umwambie mzigo hautoki wiki hii.

Mkuu umeandika una PS5 ya diski (ile mashine ya gemu ya Sony) na TV ya inchi 43 uliyonunua 2019, ambayo unasema "ni 4K kwa sababu boksi liliandikwa 4K", yaani kioo chake kina nukta za picha (pikseli) mara nne ya Full HD. Unataka kuuza PS5, uongezee hela uchukue PS5 Pro, toleo lake lenye nguvu zaidi, ili picha iwe safi na gemu zisigande. Ukauliza pia umeme inaokula, na kama uchukue ya Dubai au ya Uingereza. Hayo tuyaweke kando kwanza. Mimi nimekwama hapo kwenye boksi. Nimeisoma hiyo sentensi nikaacha chakula mezani, kwa sababu ni sentensi yangu mwenyewe ya Desemba 2017, neno kwa neno.

Wakati ule nilikuwa na PS4 ya toleo la kwanza na TV ya Full HD ya inchi 32. Vilikuwa vinafanya kazi vizuri, sikuwa na shida yoyote. PS4 Pro, toleo la PS4 lenye nguvu zaidi, ilikuwa na mwaka mmoja sokoni, na kila ukifungua jukwaa la mtandaoni ni Pro, Pro, Pro. Kuna mdau mmoja aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba Pro utaiona tofauti yake hata kwenye TV ya chogo. Watu wakampongeza. Nami nikamwamini. Mpaka leo nikikumbuka lile bandiko napandwa na hasira, maana yule bwana hakuwahi hata kuwa na hiyo Pro. Alikuja kukiri baadaye kwamba aliona video tu. Video ya ubora wa picha, anaiangalia kwenye simu!

Nikauza PS4 yangu, pedi mbili na diski nne, kwa laki tano. Mchezo wa upatu ulikuwa umenifikia, nikaingia Kariakoo na hela taslimu. Pro nikaichukua kwa milioni moja na laki mbili. Muuzaji akaniuliza nyumbani nina TV gani, nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Kaka, Pro bila 4K ni sawa na kununua gari ukaliendesha sebuleni." Akapanda ngazi, akashuka na TV ya inchi 40, boksi lina herufi za dhahabu: 4K. "Soma mwenyewe, mimi sisemi kitu." Laki saba na nusu. Nikalipa nikashukuru.

Usiku ule nikawasha Horizon Zero Dawn, gemu ambalo kila mtu alilitaja kama kipimo cha Pro. Mdogo wangu, ambaye alilicheza na mimi kwenye PS4 ya zamani, alikaa kimya dakika kama kumi. Kisha akasema, "Kaka, mbona majani ni yale yale?" Nikamfokea. Nikamwambia macho yake hayajazoea. Ila na mimi nilishaona, na nilichokiona ni kibaya kuliko alichosema yeye: maandishi madogo ya menyu yalikuwa na ukungu kuliko kwenye TV yangu ya zamani. Nilikuwa nasogea mpaka hatua moja kutoka kwenye skrini ili nisome jina la silaha.

Wiki tatu nilihangaika. Nilibadilisha waya wa HDMI mara mbili, wa pili nikauziwa elfu arobaini na tano eti ni "waya maalumu wa 4K". Nilifuta gemu nikalipakua upya, na hapo hesabu bando mwenyewe. Nikaamini Pro yenyewe ni mbovu. Mpaka siku moja nikaingia kwenye mipangilio ya PS4, sehemu ya sauti na skrini, nikafungua ukurasa ambao sikuwahi kuugusa, umeandikwa "Video Output Information". Pale mashine inakueleza TV iliyochomekwa inakubali nini. Yangu ilikuwa inapokea 1080p, yaani Full HD, basi. 2160p, ambayo ndiyo 4K, haikuwepo.

Nikaibeba TV kwa fundi. Mzee yule hakuichomeka hata kwenye umeme. Aliilaza kifudifudi juu ya godoro, akawasha tochi ya simu, akasoma namba ya modeli kwenye stika ya nyuma, kisha akaniomba kile kitabu cha maelekezo nilichokuwa sijakifungua. Ukurasa wa mwisho, herufi ndogo kama chawa: paneli 1366 × 768.

Hebu tupige hesabu. 1366 mara 768 ni pikseli milioni moja na kidogo. Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ni kama milioni mbili. 4K, 3840 kwa 2160, inazidi milioni nane. Kwa hiyo nilitoka kwenye TV ya milioni mbili nikaenda kwenye TV ya milioni moja, na nikalipia laki saba na nusu kwa safari hiyo ya kurudi nyuma. PS4 Pro haina hata namna ya kutoa picha ya 1366 kwa 768. Inatuma 1080p, TV inaibana iingie kwenye kioo kidogo, na ndiyo maana maandishi yalikuwa na ukungu.

Sasa ile "4K" ya dhahabu ilitoka wapi? Fundi akanionyesha. Ilihusu flashi. Ukichomeka flashi yenye video ya 4K, chipu ya ile TV ina uwezo wa kuifungua ile faili, kisha inaipunguza iingie kwenye kioo chake. Hicho tu. "Inasapoti 4K" maana yake ilikuwa inaweza kusoma faili, wala si kwamba inaweza kuonyesha. Projekta za bei chee zinauzwa kwa maneno hayo hayo mpaka leo, nenda kaangalie.

Nikarudi dukani. Yule aliyeniita kaka sasa ananiita "mteja". Boksi limeshafunguliwa, mali haipokelewi, na kwani yeye ndiye aliyeandika boksi? Nilisimama pale na risiti mkononi, watu wanapita na mizigo yao, nikajua hapa sina kesi. Wauzaji wa namna ile wangeuza jiko la mkaa wangelibandika 4K. TV niliiuza laki tatu kwa mtu wa banda la video, na nilimwambia ukweli wote kabla hajalipa. Laki nne na nusu zikateketea, ukiacha nyaya.

Aprili 2018 ndipo nilipopata TV ya kweli ya 4K, na hii nilikwenda kuinunua nimebeba PS4 Pro yangu kwenye begi la mgongoni. Muuzaji wa duka hili la pili alicheka, ila akaniruhusu kuichomeka. Hata hapo mara ya kwanza ukurasa ule ulionyesha rangi zimepungua na HDR (inayopanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha) haipo. Kumbe kwenye TV nyingi unatakiwa uifungue ile poti ya HDMI mwenyewe kwenye menyu ya TV. Samsung wanaiita HDMI UHD Color, LG wanaiita Ultra HD Deep Colour, Sony wao ni "enhanced format". Kijana wa dukani alikuwa hajui. Tuliitafuta pamoja kwa rimoti, tukaiwasha, skrini ikazima sekunde mbili ikarudi, na ukurasa ukasoma 2160p na HDR. Ndipo nikatoa hela.

Mwezi huo huo gemu la God of War likatoka. Nilisimama nikaangalia barafu kwenye ubapa wa lile shoka la shujaa wake, vile vichirizi vidogo vya theluji vinavyotambaa kwenye michoro ya chuma, na mdogo wangu akaacha kuongea. Pro ilikuwa na uwezo huo tangu Desemba. Miezi minne niliifungia gizani.

Ndiyo maana nakwambia: TV kwanza, mashine baadaye. Sina ushauri mwingine wenye thamani kuliko huo.

Maana elewa hizi mashine za kati, zinazotoka katikati ya kizazi kimoja na kingine, zinafanya nini. PS4 ya kwanza ilikuwa na nguvu ya michoro ya teraflopu 1.84 (kipimo cha kasi ya hesabu za chipu), Pro ikaja na 4.2, zaidi ya mara mbili. Lakini prosesa ilitoka 1.6 GHz ikaenda 2.1 GHz tu. Kwa hiyo nguvu iliyoongezwa ilikuwa ya kuchora pikseli nyingi zaidi, na si ya kufanya kila gemu likimbie mara mbili. Gemu la Bloodborne lilibaki fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde, kwenye Pro. FIFA ilishakuwa fremu 60 kwenye PS4 ya kawaida. Hata hiyo 4K yenyewe, magemu mengi yalichora nusu ya pikseli, nusu nyingine ikajazwa kwa kutumia fremu iliyopita, kama unavyoruka vyumba kwenye bao la dama. Kwenye kioo cha 4K ujanja huo unapendeza sana. Kwenye kioo changu cha 768 ulikuwa unaishia tumboni mwa TV.

PS5 Pro ni ndugu yake kabisa. Ilitoka Novemba 2024, Marekani ikaanza kwa dola 699.99. Mark Cerny, aliyeisanifu, alieleza kwamba ina vitengo vya michoro asilimia 67 zaidi na inachora kwa kasi zaidi kwa kama asilimia 45. Akasema pia kwamba wachezaji wakipewa uchaguzi, kama robo tatu wanachagua fremu nyingi kuliko urembo wa picha. Lengo la Pro ni kukupa vyote viwili: urembo ule kwa fremu 60. Inafanya hivyo kwa PSSR, ambayo inachora picha ndogo kisha inaikuza kwa akili bandia mpaka inakaribia 4K. Prosesa ni ile ile ya PS5 yako, imeongezwa kasi kidogo tu. Gemu linaloganda kwa sababu ya prosesa litaendelea kuganda.

Sasa weka hiyo kwenye TV yako. Kama ni Full HD, PS5 Pro itachora picha kubwa halafu itaipunguza, utaona kingo laini kidogo kwenye nywele na nyaya za umeme, na hela yako nyingi itakuwa imenunua kingo. Kama ni 4K ya kweli lakini ya hezi 60 (inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde) yenye HDMI 2.0, toleo la zamani la tundu la HDMI, PSSR utaiona, ndiyo, ila sahau fremu 120 kwa 4K, na sahau VRR, ambayo inafanya TV iisubiri mashine pale fremu zinapopanda na kushuka. Kwenye PS5 VRR inataka HDMI 2.1. Mwaka 2019 LG OLED zilikuwa nayo, lakini TV ya inchi 43 ya bei ya kawaida usitegemee. Na hicho unachokiita "kuganda" kwa kiasi kikubwa ndicho VRR inachotibu. Umeelewa nilichosema? Dawa ya ugonjwa wako inaweza kuwa kwenye TV, na PS5 uliyonayo tayari inaikubali VRR tangu 2022.

HDR nayo usidanganyike na stika. TV inaweza kupokea HDR na isiwe na mwanga wa kuionyesha, picha inakuwa ya kijivu kama imepakwa majivu. Ikikutokea, izime, utaona bora.

Na wewe una diski! PS5 Pro haiji na tundu la diski. Kisomeo chake kinauzwa peke yake, na siku ya kwanza ya kukiunganisha kinataka intaneti. Muuzaji wako amekutajia bei ya kisomeo? Najua hajakutajia.

Umesema unacheza mpira zaidi ya yote. Mechi kwenye PS5 yako tayari ni fremu 60. Kama ukibonyeza pasi mchezaji anachelewa, kwanza washa "game mode" ya TV yako, mpangilio unaopunguza kuchelewa kwa picha. Ni bure.

Leo usiku fanya hivi. Washa PS5, ingia mipangilio, skrini na video, fungua ukurasa wa taarifa za video. Angalia kama 2160p ipo, kama HDR ipo, kama VRR na hezi 120 zipo. Kisha igeuze TV, piga picha stika ya nyuma, tafuta hiyo namba ya modeli kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, usome pikseli za paneli. Paneli, mkuu. Si "inasapoti".

Weka picha zote mbili hapa kwenye uzi. Nitazisoma hata kama ni saa nane usiku. Na yule mteja mwambie asubiri mpaka Jumatatu.