Kadi ya "bila riba" na hela ya injini: jibu langu kwa mdogo wangu wa Kigoma

Mdogo wangu, ujumbe wako kwenye grupu la familia nimeusoma na majibu ya wengine nimeyaona, kwamba huku Marekani tunapewa kadi unatumia mwaka mzima bila riba kwa hiyo nichukue moja, nitoe hela, nikutumie ununue injini ya boti uanze kazi ya uvuvi pale mwaloni Kibirizi, halafu utakuwa unarudisha kidogokidogo mpaka mwaka uishe. Na shangazi akaongeza kwamba watu wakishavuka maji wanakuwa wagumu. Naomba nijibu mbele ya wote na kwa kirefu, maana hili swali naulizwa na wengi na sipendi mtu abaki na kinyongo moyoni.

Kadi za hivyo zipo, hujadanganywa. Ila hizo siku za bure zina masharti, na zikiisha vibaya ndo utajua zilikuwa za nani.

Kadi ya mkopo ya kawaida inaenda hivi, unanunua vitu mwezi mzima, mwezi ukifungwa wanakuletea statimenti, yaani karatasi ya hesabu ya deni lako, na sheria ya hapa inawataka wakupe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote lililoandikwa pale hawakudai hata senti ya riba, na mi ndo navyoitumia, mafuta ya gari na chakula basi, kwa sababu huku bila historia ya kukopa na kulipa hata nyumba ya kupanga unapata kwa shida. Ukibakiza, hata dola kumi, mambo yanageuka. Riba inaanza kuhesabiwa kila siku, na vitu vipya utakavyonunua vinaanza kula riba tangu siku ileile uliyonunua, ule muda wa bure unakuwa umekufa mpaka ulipe yote tena. Na siku ukilipa yote bado mwezi unaofuata inaweza kuja bili ya dola kadhaa, watu wanadhani wameibiwa, kumbe ni riba ya zile siku kati ya statimenti kufungwa na hela yako kufika. Na riba zenyewe kwa kadi nyingi hapa ni zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka.

Sasa hizo za mwaka mzima ziko za aina mbili na ukiziangalia kwenye tangazo zinafanana kabisa. Ya kwanza ni riba sifuri ya kweli, muda ukiisha unaanza kulipa riba kwa kile kilichobaki tu. Ya pili ndo ya maduka mengi ya samani na vifaa vya umeme, wanasema hakuna riba ukimaliza deni lote ndani ya miezi 12, lakini riba wanaihesabu kimyakimya tangu siku ya kwanza, inakaa pembeni inakusubiri, usipomaliza wanakubandikia yote ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Kuna mama mmoja hapa Fort Worth, Texas, tunakaa jengo moja la apatimenti, Mkongomani aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi kabla hawajaletwa huku, yaani ukimsikia anavyoitaja Kasulu utadhani kazaliwa pale. Alinunua makochi na kitanda cha watoto, bei iliyobandikwa dola 1,680. Akagawa kwa 12, akapata 140, na kila mwezi alilipa 140 bila kuruka hata mmoja, mtu mwaminifu sana. Mwezi wa kumi na tatu akanigongea mlango na barua mkononi, "Baba, mi nililipaka yote, hii ni nini tena?" Nikakaa naye mezani tukapitia karatasi zote. Kumbe huku bei ya dukani haina kodi, kodi inaongezwa unapolipa, na hapa kwetu ni asilimia 8.25, kwa hiyo deni lake la kweli lilianzia 1,818 na senti 60. Ile kodi, dola 138 na senti 60, ndo ilibaki siku muda ulipoisha. Riba ya kadi ile karibu asilimia 30, wakaihesabu kurudi nyuma mpaka siku aliyobeba makochi, ikaja zaidi ya dola 300. Angalia vizuri hapo, riba imezidi mara mbili ya deni lenyewe lililobaki! Kwa hela ya kwetu ni zaidi ya laki saba. Nikapiga simu kwa niaba yake, nikaongea kwa adabu, wakajibu sharti limo kwenye karatasi aliyosaini, na kweli limo, na sheria inaruhusu. Mama analea watoto wanne peke yake, alichukua shifti za Jumamosi ghalani mpaka akaimaliza. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu hakuna siku aliyochelewa.

Huko nyumbani hata yule wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, pamoja na ubaya wake wote, anakwambia usoni nakupa laki niletee laki na thelathini, unajua unaingia wapi.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye grupu hakuna aliyeligusa, we hutaki makochi, unataka hela taslimu. Ile sifuri huwa ni ya kununua vitu, au ya kuhamisha deni kutoka kadi nyingine, na hapo kwenye kuhamisha wanakata ada ambayo mara nyingi ni asilimia 3 mpaka 5. Ukitoa hela kwenye mashine kwa kadi ya mkopo huna hata siku moja ya bure, riba inaanza siku hiyohiyo, mara nyingi ni kubwa kuliko ya manunuzi, na ada juu yake. Hata nikisema nitume kwenye simu yako moja kwa moja kutoka kwenye kadi, benki nyingi zinaihesabu kama nimetoa hela taslimu. Kwa hiyo huo mwaka wa bure unaousema kwa hela ya injini haupo, haujawahi kuwepo.

Na tuseme ungekuwepo. We mwenyewe unalijua Ziwa Tanganyika kuliko mimi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mnakaa nchi kavu mnashona nyavu. Mwaka 2024 ziwa likafungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kutupa wavu, mitumbwi yote imeanikwa mchangani. Kadi haijui habari ya mwezi wala ya ziwa kufungwa, kila mwezi wanataka malipo kwa tarehe yao, na nikichelewa zaidi ya siku 60 wanaruhusiwa kuniondolea hiyo sifuri. Ungeshindwa kurudisha si kwa ubaya wako, ungeshindwa kwa sababu hakuna samaki, na deni lingekuwa na jina langu, na mi na we tungeanza kuongea vibaya kwenye simu, kitu ambacho tangu tumezaliwa hatujawahi.

Shangazi, shikamoo. Sijawa mgumu. Mshahara wangu unalipa kodi ya nyumba kwanza, bima, gari, na kinachobaki ndo ile mnayoipokea, sina nyingine niliyoficha.

Mdogo wangu nachoweza ni hiki. Kila mwezi nitakutengea kitu kutoka kwenye mshahara, hela isiyo na deni, na wewe weka cha kwako kwenye kikoba, kile kikundi chenu cha kuweka akiba. Nenda pale Kibirizi uulizie injini iliyotumika ya nguvu za farasi 15, uende na fundi aiwashe mbele yako na aisikilize ikiwa majini, usikubali ya kuwashiwa nchi kavu. Nitumie bei tatu tofauti na picha ya namba ya injini, halafu tupange tununue lini, ikiwezekana wakati ziwa halijafungwa ili isikae bure.