Waliolipwa kukaa ndani, na sisi tuliopanda basi

Wanangu wa Ngamiani, Tanga, juzi mmenitumia picha ya Oxford Street, huku London, ya mwaka 2020 wakati wa korona, barabara peupe, gari hata moja hamna. Mkauliza: "Shangazi, kweli huko watu walilipwa kukaa ndani? Wewe ulipata ngapi?" Nawajibu wazi, maana najua wawili kati yenu mnatafuta nauli ya kuja huku.

Ndiyo, walilipwa. Uingereza ilifungwa usiku wa Machi 23. Ukitoka ni chakula, dawa, mazoezi mara moja kwa siku, au kazi isiyofanyika nyumbani. Serikali ikabeba asilimia 80 ya mshahara wa aliyesimamishwa kazi kwa muda, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Lakini pesa ile ilipitia kwa mwajiri. Asipokuandikisha, huna chako. Wenzangu waliosafisha maofisi kupitia wakala, mkataba hauna saa maalumu, waliambiwa tu wiki hii hakuna kazi. Hakufukuzwa mtu, na hakulipwa mtu. Tena viza za wengi wetu zimeandikwa kwamba mwenye nayo haruhusiwi kugusa fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Kodi ya chumba ikifika, hukimbilii popote.

Mimi kazi sikukosa. Nahudumia wazee majumbani kwao, na mzee haogeshwi kwa simu. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni Peckham nangoja basi namba 36. Taa zinageuka nyekundu, kijani, nyekundu tena, na hakuna gari. Mbweha anakatiza katikati ya lami, wala hana haraka. Kilikuwa kimya cha nyumba yenye maiti ndani. Basi likija, waliomo ni sisi sisi: wafagizi wa hospitali, walinzi, watunza wazee, kila mtu na kiti chake, hatutazamani. Madereva wa mabasi walikufa wengi, hata Aprili 20 tukaambiwa tupandie mlango wa kati tusiwakaribie. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni kutupigia makofi. Mara ya kwanza nililia, nilishukuru kwa moyo. Ila barakoa ndizo tulizozihitaji zaidi.

Huko kwenu shule zilifungwa, lakini nikimpigia bibi yenu nasikia kelele za soko la Mgandini. Ramadhani ikaingia, misikiti ya huku imefungwa. Nikafuturu chumbani peke yangu, tende na uji, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nawatazama mmezunguka sinia moja. Jamani, iliniuma.

Sisemi msije. Kazi hii ndiyo iliyoezeka nyumba ya Makorora. Lakini kabla hujauza pikipiki, muulize wakala: saa za kazi kwa wiki zimeandikwa kwenye mkataba? Nikiugua, ananilipa nani? Viza inasemaje kuhusu fedha za umma? Akikupa karatasi usitie saini, nipigie picha kila ukurasa unitumie. Nitasoma mstari kwa mstari nikitoka kazini.