Nyumbu wa Mto Mara: "crossed by swimming" ina ubaya gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva na mwongoza wageni, kazi yangu ni kati ya Ngorongoro na Serengeti. Msimu uliopita niliwaambia wageni, "The wildebeest crossed the river by swimming." Walinielewa vizuri, ila mwenzangu akaniambia Waingereza wangesema "swam across". Kitenzi cha kuvuka wanacho, mbona hawakitumii? Na haya maneno madogo, up, down, in, into, off, back, nitajuaje pa kuyaweka? Nimenunua kijitabu cha kukariri, nimekariri mpaka nimechoka.
Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sentensi yako haina kosa la sarufi. Mgeni ameisikia tu imekaa kikaratasi, na sababu ni kwamba umeipanga kama tunavyopanga sisi.

Katika Kiswahili njia imo ndani ya kitenzi chenyewe: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, zunguka. Namna ya kwenda inafuata nyuma, tukiona inafaa: aliingia mbio, alitoka akinyata, walivuka kwa kuogelea. Hata mahali hapatusumbui. Tunasema ametoka nyumbani, anakwenda nyumbani, amelala nyumbani, na "nyumbani" ni ile ile. Kitenzi ndicho kinachotuambia mtu anatoka, anaelekea au yupo.

Kiingereza kimegeuza mpango huo. Kitenzi kinabeba namna: walk, run, swim, crawl, drive. Njia wanaiachia lile neno dogo. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy aliichambua tofauti hii katika maandishi yake ya mwaka 1985, na Kihispania kimo upande wetu, kwa hiyo si sisi peke yetu tunaohangaika.

Chukua safari unayoijua kuliko mimi, ya kushuka kreta. Wewe utaieleza hivi: tuliteremka kreta kwa gari, tukazunguka Ziwa Magadi, tukapita katikati ya msitu wa Lerai, tukapanda tena hadi ukingoni. Vitenzi vinne, na gari tumelitaja mara moja. Mwingereza atasema: "We drove down into the crater, round the lake, through the forest and back up to the rim." Kitenzi ni kimoja tu, drove. Safari nzima, ule mteremko wa mita kama 600, mzunguko wa ziwa na kupanda tena, imebebwa na down, into, round, through, back, up na to. Rudia sentensi hiyo kwa sauti ukiwa njiani, kila neno likiwa mahali pake barabarani. Itakufaa kuliko kijitabu chako. Mimi vijitabu hivyo sivipendi, nasema wazi, kwa sababu vinachanganya "run out of the tent", ambayo ni mwendo, na "run out of petrol", ambayo ni kuishiwa mafuta, kisha mwanafunzi anadhani yote ni ya kukariri tu.

Yatazame sasa yalivyopangana. "Back" hutangulia, inafuata juu au chini, ndani au nje, mwisho mahali penyewe: back / up / to the rim. Ndiyo maana husikii "up back to the rim". Na ukitaja mahali, neno la mahali ni lazima: "they went in" inatosha kama hema linajulikana, lakini ukilitaja ni "they went into the tent". Kadhalika "get out", lakini "get out of the car". Neno linalosimama peke yake ni kielezi. Linaloshika jina mbele yake ni kihusishi. Down na up zinafanya kazi zote mbili, na hapo kiwakilishi ndicho kipimo. Mizigo iliyo juu ya gari: "bring the bags down" ni sawa, "bring down the bags" ni sawa, lakini ukisema "them" ni "bring them down" tu, kwa kuwa down hapo ni kielezi. Ngazi je? "Climb down the ladder", "climb down it". Hapo down ni kihusishi, haiachani na ngazi.

Vipo vitenzi vya Kiingereza vilivyojengwa kama vyetu: enter, descend, return. Viliingia kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na mpaka leo vina harufu ya ofisi na mabango. Njia imo ndani yake tayari, kwa hiyo achana na "enter inside the car", "return back" na "descend down". Najua zinakotoka: sisi husema ingia ndani, rudi nyuma, shuka chini, na kwetu ni sahihi kabisa.

Mawili ya kazini kwako. Ukimwambia mgeni "I will pick you at the gate", anasikia utamchagua. Sema "pick you up". Na ukiondoka kwenda kutafuta maji usimwambie "I'm coming" kama tunavyosema nakuja. Kwake maana yake unaelekea alipo, na anakuona unampa mgongo. "I'll be right back" ndiyo inayotakiwa.

SWALI: Mwalimu, kwa nini ni "get on the bus" lakini "get in the car"? Na ni "arrive to Dodoma" au "arrive at Dodoma"?
Mama wa mwanafunzi wa kidato cha pili, Singida

JIBU: Chombo ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, meli au ndege, ni on, na kushuka ni off. Gari dogo unajikunja kuingia na kukaa: in, na kushuka ni out of. Daladala, hata ile ndogo ambayo tunasimama tumeinama, ni "get on" na "get off", kwa sababu ni chombo cha abiria wa njiani.

Arrive haipokei "to" ya mahali. Kwa mji au nchi ni "arrive in Dodoma". Kwa kituo, shule au lango ni "arrive at the station". Mwanao akitumia reach, asiweke kitu kabisa: "we reached Dodoma". Ile "we reached at Dodoma" naikuta kwenye insha kila muhula, na mtoto anapoteza alama ambayo ilikuwa yake.