Barua kwa mwanangu: foronya yenye kiraka

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako na picha zote. Umelifungua kasha la Vovó, bibi yako mzaa babako, umekuta foronya za kitani, shuka la kroshia na mtandio mweusi wenye maua yanayong'aa. Waniuliza: mtu anakimbiaje volkano na foronya mkononi? Na ile yenye kiraka, uitupe?

Usiitupe. Kiraka kile ni changu.

Volkano ya Capelinhos, kisiwani Faial kwao Vovó, katika visiwa vya Azori vya Ureno, iliripuka baharini karibu na ufuo tarehe 27 Septemba 1957, ikaendelea kwa miezi 13. Haikuwa ya kumfukuza mtu usiku mmoja. Yalikuwa majivu, leo na kesho na keshokutwa, mpaka mapaa yakaelemewa na mashamba yakafukiwa. Kwa hiyo walikuwa na muda wa kuchagua. Mwaka 1958 Marekani ikapitisha sheria ya kuwapa viza, iliyosukumwa na maseneta Kennedy wa Massachusetts na Pastore wa Rhode Island, ndipo babake Vovó akaileta familia hapa Fall River. Shamba halibebeki. Ng'ombe ni wa baba. Enxoval ilikuwa ya Vovó peke yake: vitambaa ambavyo msichana hujishonea tangu mdogo, akiingojea siku ya kuolewa. Basi akabeba alichokuwa nacho.

Yale maua ya mtandio si dhahabu. Ni mabua ya ngano. Kule Faial huyapasua yakawa membamba kama uzi, wakayadarizi juu ya tule, kile kitambaa chepesi kama wavu. Tafadhali usiukunje tena, bua hukatika penye mkunjo. Uvingirishe kwenye bomba pana la karatasi, na usiutie kwenye mfuko wa plastiki.

Sasa kiraka.

Nilipoolewa na babako, Kireno changu kilikuwa asante na samahani. Siku ya kwanza namsaidia mavyaa wangu kutandika, akashika mto akasema, "Fronha." Nikaruka: foronya! Akagonga meza: "Mesa." Akagusa leso niliyojitanda: "Lenço." Tulicheka mpaka babako akaja kuchungulia. Wareno walituachia Mombasa Ngome ya Yesu na maneno ya kupambia nyumba. Ngome twaingia kwa tikiti, maneno ni bure.

Wiki chache baadaye nikataka kumfurahisha. Foronya moja ilikuwa na doa dogo la kutu, karibu na herufi za jina lake. Nikailoweka kwenye dawa ya kung'arisha nguo, usiku kucha. Asubuhi doa halikutoka, kilichotoka ni kitambaa. Tundu la ukubwa wa sarafu, na nusu ya herufi imekwenda nalo. (Kutu na dawa ile havipatani kabisa, hula kitani. Nawe usijaribu.) Nilijifungia bafuni nikalia.

Vovó aliiinua foronya penye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole tunduni, akakichezesha kama anayemwita mtoto. Mtu aliyekuwa akishona kiwandani kutwa nzima! Nilidhani atanifokea. Akanipa sindano na subana.

Mimi kroshia sikuijua. Nilichojua ni kazi ya mamangu, kofia za vito, vile vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Nikaweka kipande cha kitani chini, nikatoboa, nikazungusha. Jioni tatu. Vovó alikaa karibu akifuma ukingo wake, na mara mbili alinifumua bila kusema neno. Ukikitazama kiraka kwa karibu utaona vitobo vya safu ya kwanza vimekwenda upande, na vya mwisho vimenyooka. Uzi ni wa rangi ya maziwa kwa kuwa mweupe ulituishia.

Foronya zile nyingine alizitoa siku ya wageni tu, au wiki ile taji la sikukuu ya Espírito Santo, yaani Roho Mtakatifu, lilipolazwa nyumbani kwetu. Ile ya kiraka aliilalia mwenyewe, ndiyo maana imechakaa kuliko zote.

Zifue kwa mkono, maji vuguvugu, sabuni ya kipande. Shuka la kroshia usilifue kwanza: nimeona pichani ukingo wa kushoto umeanza kufumuka. Nitakuja Jumamosi na uzi.

Mamako