Pointi sita za watoto wawili

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtoto aliyepata pointi chache S.6, je, ana nafasi ya kuingia chuo kikuu?" Nimelisoma asubuhi kabla sijafungua duka, na limenikaa kifuani mchana kutwa. Nina duka la kopi na kuchapa hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Kila mwaka matokeo ya UACE, mtihani wa kumaliza S.6, yaani kidato cha sita, yakitoka, watu huanza kupanga foleni kwangu kabla sijawasha mashine, maana wazazi wengi hapa hawana wa kuwafafanulia ule ujumbe wa matokeo unaoingia kwenye simu kutoka namba 6600. Kwa hiyo nina la kusema, ingawa huenda nikalivuta swali lenu upande mwingine.

Jibu fupi ni ndiyo, nafasi anayo. Na huwa nakasirika nikimsikia mtu mzima akimwambia mtoto wa miaka 19 kwamba mambo yake yamekwisha kwa sababu ya namba. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu halikuweka jumla ya pointi kuwa ndiyo kipimo cha chini. Linataka prinsipali mbili, yaani masomo mawili yenye alama kati ya A na E, na masomo matano aliyofaulu kule UCE, mtihani wa kidato cha nne. E mbili zinatosha. Ila hizo prinsipali mbili lazima zitoke katika mtihani wa mwaka mmoja, na hapo ndipo watu wanapoumia. Huwezi kuchukua E ya mwaka jana ukaiunga na E ya mwaka huu. Nimeona wazazi wakilipa ada ya mwaka mzima mtoto arudie somo moja tu, halafu wanakuja kwangu na karatasi mbili wakidhani nitazijumlisha.

Sasa niwaambie habari ya Februari 2019, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Siku ile umeme ulikatika tangu saa nne. Nilikuwa natumia simu yangu tu, nikiandika matokeo kwa kalamu nyuma ya kopi zilizoharibika. Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa Kilugbara, jirani yetu wa miaka mingi. Walukuba ni hivyo: baba zetu walikuja kufanya kazi viwandani kutoka Arua, Kitgum, Busia, hata Kisumu, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha uani na kwenye bomba la maji. Mzee huyu ni bodaboda. Aliweka helmeti yake juu ya meza yangu, akafungua simu kwa vidole viwili kama anayeshika yai, akasema, "Mama, nisomee. Mtoto amekataa kuingia."

Mtoto alikuwa ng'ambo ya barabara, karibu na mama anayechoma mahindi, ametupa mgongo. Nikasoma: Historia D, Dini E, Fasihi F, General Paper 5, ICT 9. Nikamjumlishia. D ni tatu, E ni mbili, F hakuna kitu, General Paper 5 ni kufaulu, inaleta moja, ICT 9 ni kuanguka, hakuna. Sita.

"Sita ni nyingi au chache?"

Nikamwambia ni kati ya 20. Akanyamaza. Akaichukua helmeti, akairudisha mezani, akaichukua tena. Nilimwona anatafuta neno la kumwambia mwanawe akivuka ile barabara, na neno halipatikani.

Nyuma yake alikuwa amesimama kaka yangu na binti yake, mpwa wangu, anayeniita senga, yaani shangazi, kama desturi ya hapa ilivyo. Yeye alikuwa anacheka, ameshapiga hesabu mwenyewe: Jiografia D, Biolojia O, Kilimo O, General Paper 6, ICT 9. Tatu na moja na moja na moja. Sita pia. Alitegemea mbili au tatu, maana muhula wa mwisho aliugua, kwa hiyo kwake sita ilikuwa sherehe. "Senga, nimepita," akaniambia.

Nikazitazama zile karatasi mbili zimelala pamoja mezani. Sita na sita. Anayelia ana prinsipali mbili. Anayecheka ana moja, kwa sababu O ni sabsidiari, ufaulu wa chini ya E, haihesabiki kuwa prinsipali. Kwa kanuni, yule kijana aliyetupa mgongo kwenye mahindi angeweza kuingia chuo kikuu Agosti ile, na mpwa wangu hangeweza.

Nilimwita yule kijana kwa sauti ambayo nadhani soko zima lilisikia. Nikachora mistari nyuma ya ile kopi, upande huu pointi, upande huu prinsipali, nikamwonyesha yeye na baba yake. Mzee akauliza mara tatu, "Chuo kikuu? Una hakika, mama?" Nikasema nina hakika. Akanishika mikono yote miwili. Mpwa wangu naye nililazimika kumwelezea pale pale, mbele ya foleni, na uso wake ulivyobadilika bado ninao.

Jioni ile nilijiona nimetenda jambo kubwa. Nilimwambia mzee ukweli wote isipokuwa huu: Makerere hawatazami jumla peke yake. Wanapima. Masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa mara tatu, la tatu mara mbili, General Paper hubaki moja, kisha siku zile waliongeza vipande vya UCE, sehemu tatu ya kumi kwa kila distinction, mbili kwa credit, moja kwa pass. Wasichana wanaongezewa pointi moja na nusu tangu 1990. Ukizipima hivyo D na E za yule kijana, unapata kama 17, na anashindana na watoto wenye zaidi ya 40. Ufadhili wa serikali ni wa wanafunzi kama 4,000 kwa mwaka nchi nzima, na hata ule mgao wa wilaya una ushindani wake. Mkopo wa serikali ulioanza 2014 unaegemea sayansi, na yeye alisoma Historia. Mlango uliobaki wazi kwake ulikuwa wa kujilipia mwenyewe, kwa ada kamili.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeijaza ile fomu. Mzee aliuza ng'ombe wawili kwao Arua, akakopa kwenye SACCO ya stendi yao, na pikipiki yenyewe ilikuwa bado ya mkopo. Kijana akaingia Agosti kusoma utawala. Baba yake alikuwa akipita dukani anapunguza mwendo, anapiga honi mara mbili, basi, hana hata neno. Muhula wa kwanza ukaisha. Wa pili ulikuwa katikati Machi 2020 Rais alipofunga shule na vyuo kwa ajili ya Korona, na siku chache baadaye bodaboda wakakatazwa kubeba abiria, mizigo tu. Miezi ile nilimwona mzee amekaa kibarazani na kitambaa, anaifuta pikipiki isiyokwenda popote. Vyuo vilipofunguliwa lilikuwapo salio la ada. Bila kulimaliza, mtihani hakufanya. Hakurudi. Deni la SACCO lilibaki, na ng'ombe hawakurudi.

Mpwa wangu, yule aliyefungiwa mlango, alikaa wiki mbili bila kula vizuri. Kaka yangu alitaka arudie S.6. Mimi nilimkatalia, tukagombana. Prinsipali moja na sabsidiari mbili, alizokuwa nazo, zinatosha kuanza diploma. Zinatosha pia ule mwaka mmoja wa cheti cha elimu ya juu wa kumvusha mtu kwenda digrii, lakini hiyo tuliogopa, maana ni ada ya mwaka mzima kabla hata hujaanza kozi. Akaenda kusoma kilimo, diploma ya miaka miwili, Bukalasa. Korona ilimchelewesha naye, lakini kilichobaki kilikuwa kidogo na kaka yangu aliweza kukifikia. Leo anafanya kazi na wakulima wa kahawa Kamuli, na anaweka akiba aombe digrii kwa kutumia ile diploma. Njia hiyo nayo inakubalika Makerere na kwingineko.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia wazazi: nafasi zipo, nendeni. Sasa mkono unakataa. Nikizitazama tena zile karatasi mbili, naona nilimfurahia mtoto aliyefunguliwa mlango na kumlilia aliyefungiwa, na nilikosea kote kuwili. Swali ambalo ningemuuliza yule mzee siku ile, kabla ya kugusa fomu, ni hili: muhula wa nne nani atalipa? Muhula wa kwanza kila mtu ana ng'ombe wa kuuza.

Basi msimamo wangu ni huu. Mtoto mwenye prinsipali mbili dhaifu, kama atasoma kwa ada kamili na nyumbani hakuna mshahara wa kila mwezi, asiingie chuo kikuu mwaka ule hata kama sheria inamruhusu. Aanze diploma, kitu anachoweza kukimaliza. Najua wapo watakaosema namnyima mtoto wa maskini kile anachopewa mtoto wa tajiri mwenye D na E zile zile. Ni kweli, tofauti hiyo ipo na inaniuma. Najua pia kwamba bila Korona huenda yule kijana angekuwa na shahada yake leo na mimi ningekuwa naandika barua nyingine kabisa. Kosa lilikuwa la pointi, la ada, au la mwaka ule wa 2020? Nimezungushia mstari kila moja na siwezi kuziachanisha.

Juu ya kurudia S.6 pia nimelegea kidogo. Nilimkatalia kaka yangu kwa nguvu, lakini mpwa wangu aliugua, sababu yake ilijulikana. Kama unajua kwa nini mtoto alianguka, na sababu hiyo imeondoka, basi kurudia si upuuzi. Kama hujui, mwaka utapita na utarudi na karatasi ile ile. Na kombinesheni, yaani masomo anayoyachukua pamoja, iangaliwe upya. Wapo watoto wanaopelekwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa sababu jirani ana mtoto daktari.

Je, mzee yule akija kesho na mtoto mwingine mwenye D na E, nitakataa kumjazia fomu? Sidhani. Nitamwambia yote haya kwanza, nitamwandikia ada ya mihula sita kwenye karatasi, na akisema bado anataka, nitajaza. Mtoto ni wake.

Yule kijana ameshatimiza miaka 25. Anaendesha pikipiki ya baba yake, macho ya mzee hayaoni tena vizuri usiku. Mwezi uliopita alikuja dukani mchana, foleni imeisha, akauliza kuhusu mtihani wa watu wazima wa Makerere, ule wa kuanzia miaka 25, ambao haukuulizi ulipata nini S.6. Anataka kusoma jioni au wikendi, alipe kwa pesa anazozipata mwenyewe. Tumeandika mihula yote kwenye karatasi moja na kiasi cha kila siku anachopaswa kuweka kando. Tumekuta inawezekana, kwa shida. Ameniomba nisimwambie baba yake mpaka majibu yatoke. Jumamosi saa mbili asubuhi analeta picha za pasipoti na vyeti vyake tuvitolee kopi.